Kinanda Kilichoogopa Baridi

Mtaalamu mmoja wa barabara, mgeni kutoka ng'ambo, alipokuwa anarudi kwao mizigo ilimzidi, ndipo bendi yetu ya Mbeya ikapata sinthesaiza. Kati ya Uyole na mwisho wa dunia hakuna aliyewahi kuiona. Kilikuwa kinanda cha umeme chenye uzito wa ndama, na vitufe vya kuzungusha vingi kuliko vifungo vya makoti ya jeshi zima.

Nikakabidhiwa mimi. Nilikuwa nimepiga kinanda cha kanisani kwetu Iringa tangu sijaota ndevu, tena nilikuwa mhitimu wa shule ya usiku, kwa hiyo kitabu cha maelekezo cha Kiingereza ningekisoma. Nilikisoma kweli. Jalada nililielewa lote.

Siku ya kwanza nikabonyeza kwa vidole vitatu pamoja, kama tunavyoanza wimbo kanisani. Ikatoka sauti moja. Nikabonyeza kwa vitano. Moja. Nikamwambia kiongozi wa bendi kuwa kimekufa, kumbe ndivyo kilivyoundwa, hakijui kusema mawili kwa mpigo. Na muda wote huo miguu yangu ilikuwa inakanyaga sakafu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, maana cha kanisani usipokikanyagia upepo hakilii.

"Mzee wa kanisa," mpiga dramu akaniuliza, "hiyo baiskeli unaendesha kwenda wapi?"

"Nakitia upepo."

"Kina waya, bwana! Upepo wake uko ukutani!"

Kiongozi hakucheka. "Watu wa Iringa nimeshawaambia Jumamosi tunaleta mtambo kwenye bugi," akasema. Bugi lilikuwa dansi la mchana la vijana. "Usipolia, sisi tunarudi Mbeya, wewe unabaki huko huko kwenu."

Nilikuwa nimeshaacha kazi yangu kwenye mashine ya kusaga pale Uyole, tena nimeacha kwa hotuba. Nilisimama juu ya gunia nikawaambia wenzangu wasinililie, watanisikia redioni. Mtu aliyeaga hivyo harudi kuomba kushika debe.

Tukapanda lori. Pale Nyololo baridi ilikuwa kali hata majogoo waliwika kwa zamu, mmoja anawika, wengine wanamkumbatia. Tulipofika Iringa kwa dada yangu, nikachomeka waya, nikabonyeza. Lo! Sauti ilikuwa imeshuka, magitaa yako huku, mimi niko bondeni. Nikafungua kitabu. Sentensi moja niliyoielewa ilisema chombo hiki hakipatani na baridi. Nikakifunika blanketi.

Dada akaingia na salamu ya kwetu. "Kamwene! Mtoto wa nani huyo ana surua?"

"Ana mafua tu, dada. Tuazime jiko."

Akaleta jiko la mkaa. Tukaliweka chini ya kinanda, na baada ya muda kikapanda kikalingana na magitaa. Nikajiona daktari. Nikaamua jiko twende nalo ukumbini.

Kosa lilikuwa hilo. Ukumbi ukajaa vijana, joto lao likaongezwa na mkaa wa dada, na kinanda kikaanza kupanda kama mwizi wa maparachichi. Wimbo wa kwanza kilipanda kidogo. Wa pili, mwimbaji alinifuata juu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka kama kamba za turubai. Kiongozi akaja pembeni yangu anatabasamu kwa watu huku anauma meno.

"Shusha!"

Nikazungusha kitufe, nisijue kipi. Muziki ukakatika, ukatoka mngurumo, gu-gu-gu-gu, na juu yake mlio mkali kama wa mkanda wa mashine unaoteleza.

Sauti ile niliijua! Nilikuwa nimesimama kando yake miaka. Nikaachana na muziki, nikashika vitufe viwili nikaiwasha mashine ya kusaga: ikaanza tupu, ikapokea mahindi, ikakwama kwa mahindi mabichi, ikakohoa, ikashika tena. Mpiga dramu akaudaka mdundo wangu. Vijana wakakanyaga sakafu mpaka vumbi likapanda kama unga. Dada alikuwa mlangoni anashika mbavu. "Leteni mahindi!" akapiga kelele. Naapa mama mmoja alikwenda nyumbani kufuata debe.

Tulipofunga vyombo, kiongozi alikuja mbele yangu. "Muziki wako ni aibu," akasema. "Ila ile mashine, Mbeya utaisagisha mara mbili. Jiko la watu rudisha, upande gari."

Nikarudisha jiko mbio. Njiani nilikaa nyuma ya lori, nimekipakata kinanda, blanketi moja kwa wawili. Mpiga dramu anadai nilisinzia kuanzia Mafinga, na miguu ilikanyaga mpaka Uyole.