Vidonge Tisa Chini ya Kitambaa cha Kochi

Mie naitwa Baraka, kidato cha tatu, mtoto wa Vingunguti. Kabla sijaumwa nilikuwaga namwigiza mwalimu wetu wa hesabu anavyopanda ngazi akihema. Darasa linavunjika mbavu. Kumbe siku si nyingi ningehema kumzidi.

Ilianza hivyo hivyo. Ngazi tatu tu, nasimama, najifanya nasoma matangazo ukutani. Miguu ikavimba, ukibonyeza, shimo linabaki. Nikilala chali nakosa pumzi, ikabidi nilale nimeegemea mito.

"Mito mitatu! Bibi harusi wewe?" dada Neema akanitania.

Mama hakucheka. Asubuhi tukawa hospitali.

Daktari alinipaka mafuta ya baridi kifuani, akanionesha moyo wangu kwenye kioo cha mashine. "Misuli imelegea, moyo umetanuka. Hausukumi damu vizuri."

"Kwa hiyo ni mvivu, dokta?"

"Moyo umechoka, mwanangu. Unakimbia mno."

Akanipa dawa za kupunguza maji mwilini, na nyingine ya kutuliza mapigo ya moyo. "Hii tunaanza na dozi ndogo, tunapandisha polepole. Mwanzoni inaweza kukuchosha. Usije ukaiacha ghafla."

Yote nilisikia, hilo la mwisho likapita. Uvimbe uliisha, viatu vikaingia, nikajiona mzima. Ila mwili mzito, kama nimebeba gunia. Nikakishuku kile kidonge cha mapigo. Asubuhi na usiku, mbele ya Mama nakibana chini ya ulimi, akigeuka nakisukumia chini ya kitambaa cha kochi.

Nikasahau kwamba Jumamosi Mama hufua vitambaa.

Siku hiyo moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya singeli. Mama akavuta kitambaa, vidonge tisa vikamwagika sakafuni.

"Baraka, nini hivi?"

Utani nilikuwa nao mdomoni. Pumzi ya kuutoa sikuwa nayo. Mama akapiga magoti, akaviokota kimoja kimoja, machozi yanamtoka.

Nililazwa. Tukaanza upya, dozi ndogo, miezi kadhaa. Kipimo cha juzi kimeonesha moyo unasukuma vizuri zaidi. Kupona kabisa bado, dawa naendelea nazo.

Namshukuru Mungu, na madaktari. Nawe unayetumia dawa kama yangu, ikikuchosha kamwambie daktari. Usijitibu kwa ujanja, mie ujanja ulitaka kunizika.

Siku hizi kila nikimeza, Mama ananisimamia. "Fungua mdomo. Inua ulimi."

Nina miaka kumi na saba, ndevu zimeanza. Nafungua.