Koloni Yangu ya Wanale

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la tatu, nikabeba magunia Jinja mpaka bega likaota sugu. Leo nina vinu viwili vya mahindi: kimoja Mpumudde, hapa Jinja ninakoishi, kingine Mbale, chini ya mlima wa Wanale. Waliosoma huja kwangu kuomba kazi.

Kinu cha Mbale nilimkabidhi binti yangu wa kwanza. Nilimkabidhi funguo tu, amri nikabaki nazo. Mahindi yaanikwe saa ngapi, yaanuliwe saa ngapi, neno lilitoka kwangu kwa simu. Naangalia juu, naona jua la Jinja, naamua.

Ijumaa moja niliingia msikitini, simu nimezima. Kumbe Wanale mvua imeshateremka mlimani, na wale wafanyakazi, kwa kuniogopa, wamesimama barazani wanatazama mahindi ya magunia thelathini yakilowa. Nilipowasha simu nikasema, "Anueni."

Binti akajibu, "Baba, tuanue uji?"

Siku ya Uhuru nikaenda Mbale na hasira zangu. Mlangoni askari wetu, mwanajeshi mstaafu, akanipigia saluti. "Afande, koloni inaomba kuongea."

Uani pilau inanukia. Gunia limepakwa rangi, limetundikwa juu kama bendera. Binti amesimama juu ya mizani.

"Baba, kila mwaka siku hii unatuhutubia. Mwingereza alikosea nini?"

"Alitutawala toka mbali, hata mvua yetu haijui!" Hotuba hiyo naijua kwa moyo.

"Na Jinja ni karibu?"

Wapepetaji wakapiga vigelegele.

"Mimi baba yako, si gavana!"

"Gavana naye alisema hivyo hivyo, bwana," askari akachomekea.

Binti hakucheka. "Baba, amri ya hapa niachie. La sivyo kesho nakurudishia funguo, nikaanze kinu changu."

Binti kama yule humpati mara mbili. Lakini mimi si mtu wa kusalimu amri bure. Nikaonyesha mahindi yaliyoanikwa. "Jua lile pale. Nasema hakuna mvua mpaka alasiri. Yasiguswe!"

Yeye akatazama mlima, akaona wingu limekaa kwenye jabali kama kofia. "Anueni," akasema.

Watu wakanitazama mimi. Wakamtazama yeye. Wakaanua.

Nikabaki peke yangu katikati ya ua, kanzu nyeupe, mikono kiunoni, natabasamu kama mshindi. Mvua ilinikuta hapo hapo.

Nilicheka mpaka nikakaa majini. Hata kushindwa, mimi nashindwa vizuri kuliko wengine. Nikapanda mizani, kanzu inachuruzika, nikatangaza: kuanzia leo binti aanike, aanue, aajiri, afukuze, Jinja itasubiri kupigiwa simu. Binti akanikumbatia na maji yangu yote. Askari akalishusha lile gunia akalipandisha upya, eti bendera haipandi kabla ya hotuba.

Nikiwa kwenye sahani ya tatu ya pilau, binti akaniwekea karatasi mbele: mbuzi, mchele, rangi, spika za kukodi.

"Nini hii?"

"Baba, gavana anayeondoka ndiye hulipia sherehe."

Nikalipa pale pale, sikuomba kupunguziwa hata senti: shilingi laki sita, elfu themanini na tano na mia tano.