Kikao cha Kula

Juzi jioni nilikuwa nachambua mchele, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwenye grupu la wazazi wa shule anakosoma binti yangu, hapa hapa Mtwara: Jumamosi tukutane shuleni tupige kura kuhusu klabu za wanafunzi, na asiyeweza kufika aweke dole gumba. Kabla sijamaliza kusoma, madole yalikuwa yameshaanza kumiminika. Nilicheka peke yangu mpaka binti akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Nikamwambia hawa watu hawajui kupiga kura. Kura inapigwa kwa mwiko.

Hakunielewa, na simlaumu. Wewe lakini utanielewa, ngoja nikusimulie.

Sekondari yetu ilikuwa pembeni ya barabara ya kwenda Msimbati, na nyuma ya madarasa kulikuwa na mikorosho mingi kuliko wanafunzi. Msimu wa mavuno, harufu ya mabibo yaliyoiva ilikuwa inaingia dirishani mpaka unasahau mwalimu anafundisha nini. Nilikuwa naishi na bibi, mama akiwa mbali kikazi. Asubuhi nilikuwa nachota maji na kufagia uwanja, nakula kiporo cha muhogo na chai ya rangi, kisha nakwenda shule nikiwa mnyonge kama wanyonge wote. Darasani sikuwa na sauti. Mwalimu akiniuliza swali nilikuwa naangalia meza mpaka achoke aulize mwingine.

Ila Alhamisi nilikuwa mtu mwingine. Alhamisi mchana ilikuwa saa ya klabu. Wengine walikwenda klabu ya kilimo, wengine ya ngoma, mimi nilikwenda midahalo. Sijui hata nani alinisukuma kuingia. Najua tu kwamba siku ya kwanza niliposimama kupinga hoja, nilisikia sauti inatoka kifuani mwangu, na ilikuwa kubwa, na watu walinyamaza kunisikiliza. Niliipenda sauti ile kama mtu anavyopenda nguo mpya ya sikukuu.

Mlezi wa klabu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mtu wa bara, mpole kwa kila jambo isipokuwa r na l. Kwa wazee wetu wa Kimakonde herufi hizo ni mtu na ndugu yake, yeyote akiitwa anaitika mwenzake. Bibi ukimwamkia, marahaba yake ilikuwa "malaba", na sisi wajukuu tulinyonya hiyo hiyo. Basi kwenye klabu, ukisema "lais" badala ya rais, unasimama kwa mguu mmoja mpaka mwenzako naye ateleze. Kuna siku klabu nzima tulisimama kama korongo, na mjadala ukaendelea.

Mwaka nilipokuwa kidato cha tatu, habari mbaya ikafika. Wazazi wa kota, wale watumishi na watu wa bandarini waliohamia kutoka mikoa mingine, walitaka saa ya klabu ifutwe iwe ya tuisheni. Walikuwa na sababu zao, mtihani wa taifa haukuwa mbali. Mkuu wa shule akasema wazazi wapige kura. Hapo ndipo tulipojua tumekwisha, kwa sababu kwenye vikao walikuwa wanakuja wao tu. Wazazi wa vijijini walikuwa shambani, na bibi yangu hakuwahi kukanyaga kikao hata kimoja. Alikuwa anasema kikao cha shule ni cha watu wenye viatu. Nililala usiku kadhaa nikiwaza kwamba sauti yangu itarudi ilikotoka.

Mkuu wa shule, kwa kutimiza wajibu, alimwomba jirani yetu atangaze. Jirani alikuwa na baiskeli na kipaza sauti, na ndiye aliyetangaza misiba, mechi na chanjo ya kuku. Alizunguka vijiji vyote, na tulimsikia toka mbali, sauti inapasuka:

"Wazazi wooote! Jumamosi asubuhi, sekondali, kuna kula! Mama asikose, baba asikose, bibi asikose! Kula ni haki yako!"

Bibi aliacha kutwanga kisamvu. "Umesikia? Shuleni kuna shughuli."

Sikumsahihisha, maana hata mimi niliyejua habari ya kura nilisikia kula. Na kwetu, ukisikia mahali kuna kula, hujiulizi utapewa nini. Unajiuliza utapeleka nini. Mwanamke hafiki kwenye shughuli mikono mitupu, atasemwa mpaka kaburini. Ijumaa yote kijiji kilikuwa kinakuna nazi.

Jumamosi wazazi wa kota walikuwa wameshakaa kwenye viti, wasafi, wamekunja nne. Kisha barabara ikaanza kuimba. Walikuja akina mama wa vijiji vyote vya jirani, masufuria kichwani, kuni begani, watoto mgongoni. Wa Msimbati walikuja na pweza. Wengine walibeba ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa kwa jasho na kuliwa kwa raha. Akina baba nao walifuata nyuma kama vile wanapita tu. Bibi yangu alikuwa mbele, mwiko mkononi, akamwendea mkuu wa shule na kumuuliza, "Baba, jiko liko wapi?"

Mkuu wa shule alimgeukia jirani. "Nilikwambia utangaze nini?"

"Kula."

"Kura! Nilisema kura!"

"Ndiyo, mkuu. Kula. Nimekosea wapi?"

Mwalimu wetu wa Kiswahili alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake nyeupe. Alipopata pumzi alimwambia mkuu wa shule kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuona wazazi wengi hivi mahali pamoja. Waache wapike, alisema, na sisi tufanye kikao pale pale mikoroshoni. Wakati chakula kinaiva, klabu ya midahalo iwaonyeshe wazazi kitu kinachopigiwa kura.

Mafiga yakapangwa. Moshi ukapanda. Bwana mmoja wa kota, karani mwenye miwani, alisimama akasema vizuri tu: watoto wanakuja shule kusoma, hawaji kupiga domo, na domo halijibu mtihani. Watu wakaguna. Mwalimu akanitazama. Nikasimama, na bibi alikuwa pale anakoroga, hajawahi kunisikia nikisema mbele ya wakubwa.

Nikaona mikono yake kwenye sufuria, na maneno yakaja yenyewe.

"Wazazi wangu, darasani tunapakuliwa. Mwalimu anapika, sisi tunakula, na tunashukuru. Lakini mtoto wa kupakuliwa tu, siku mama hayupo atalala njaa. Kwenye klabu tunafundishwa kupika wenyewe. Msituondoe jikoni."

Nikadhani nimeharibu. Kisha kigelegele kikapasuka upande wa mafiga, na nilikijua kigelegele kile, kilikuwa cha bibi. Wenzake wakampokea. Bibi akasonga mbele na kusema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Haya. Tupige kula, halafu tule!"

Mkuu wa shule akauliza wanaotaka klabu zibaki. Bibi akanyoosha mwiko. Akina mama wote wakanyoosha walichokuwa nacho, miwiko, pawa, vifuniko vya masufuria, na mmoja akainua mkono wa pweza kabisa. Mke wa karani aliinua mkono wake pale pale alipokaa. Karani akamtazama, kisha akalitazama sufuria la bibi, na alipofungua tena mdomo ilikuwa wakati wa kula, anaomba aongezewe kisamvu.

Tulishinda! Hakuna aliyehesabu, hapakuwa na haja.

Akina mama hawakuishia hapo. Kila Alhamisi walikuja kwa zamu na sufuria la uji au muhogo wa kuchemsha, ili tunaokaa hadi jioni tusikae na njaa, na wake wa kota wakaingia zamu nao. Sisi tuliwaita Umoja wa Kula, na mkuu wa shule mwenyewe akaacha kutusahihisha. Mwalimu naye hakumsimamisha tena mtu kwa mguu mmoja. Tulipokwenda mashindanoni mjini, walipanda nasi lori la korosho wakiimba njia nzima, na tulipoishinda shule kubwa ya mjini, kelele zao nadhani zilifika bandarini.

Mikorosho ile imekatwa, pamejengwa maabara nzuri yenye vigae. Chakula cha wanafunzi siku hizi analeta mzabuni. Jirani na kipaza chake wametangulia, na bibi pia, na watoto wangu wanatamka r kali kama watangazaji wa redio. Ninamkumbuka bibi, ninakumbuka "malaba" yake, na hakuna mtu nyumbani kwangu anayeweza kunijibu vile.

Jana usiku nilifungua tena lile grupu. Madole yalikuwa yamejaa, na wa kuahidi kufika hayupo. Nikaandika: "Jumamosi kuna kula. Mimi naleta kisamvu."

Mtu akanisahihisha haraka kwamba ni kura. Mwingine akaweka alama ya kicheko. Kisha ukaingia ujumbe kutoka kwa mzazi mmoja ambaye sikujua kama tulisoma shule moja, maana grupuni tunajuana kwa majina ya watoto tu.

"Malaba," aliandika. "Mimi naleta pweza. Mwiko wa bibi yako bado unao?"

Ninao.