Shanga Nyekundu

Mimi na pacha wangu tulifanana mpaka mama akatufunga shanga mkononi asituchanganye: zangu nyekundu, zake nyeupe. Loo, alitupa mchezo! Tukawa tunabadilishana kisirisiri, mama ananiita kwa jina la mwenzangu, tunacheka mbavu zinauma. Tukibadilishana tena, kila mtu anarudi kuwa yeye.

Idi moja tulibadilishana asubuhi. Jioni, kabla hatujarudishiana, homa ikamkamata pacha wangu, na siku ya tatu tukamzika hapa Kibra. Mama alilia akitaja jina langu. Nilitaka kusema, "Mama, mimi nipo," nikaishia kumshika kanga. Nilikuwa na miaka minane, na kila siku niliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa nzito zaidi. Kila Idi tulienda makaburini, nikaliombea dua jina langu mwenyewe. Wallahi, siku nyingine nilisikia mtu ananiitikia kutoka chini.

Bibi yetu, tuliyemwita haboba, alisuka tabaga, yale makawa ya kufunikia chakula. Siku moja aliliweka moja mkekani, ua jekundu likiwa upande wangu.

"Lizungushe nusu."

Ua likaenda kwake.

"Nusu tena."

Likarudi.

"Nini hakikuhama?"

Lilikuwa fundo la katikati, alipoanzia kusuka.

Nilikuja kuwa mwalimu wa hesabu, na katika kitabu kimoja nikalikuta tabaga la haboba: mgeuzo ambao ukiurudia unakurudisha ulipoanza, hata katika anga lenye pande zisizo na mwisho, na nukta moja tu ndiyo haisogei. Nilikifunga kile kitabu nikalia.

Haboba alipougua sana aliniita kitandani. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa zile shanga nyekundu alizovuliwa pacha wangu kabla ya kuzikwa, akanifunga mkononi. Kisha akaniita jina langu. Langu hasa!

"Ulijua, haboba?"

"Tangu siku ile. Niwaogeshe tangu uchanga, nisiwajue?"

"Mbona ukanyamaza?"

"Wewe ungerudi, mjukuu wangu. Lakini mama yako angezika mara ya pili."

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Mlango ulikuwa wazi, mama yuko uani anapepeta mchele. Neno moja tu lingetosha.

Akaita kutoka huko, kwa jina la marehemu, niende nimsaidie.

Nikazifungua shanga, nikazirudisha pindoni mwa kanga.

"Abee, mama," nikaitika.