Huyu Hatavuna Mwakani

Nilikwenda Dodoma kwa sababu kazi ilikuwa imeniishia Dar es Salaam. Nalisema mapema, maana wengi mliniaga mkidhani nimeitwa kwa heshima. Shirika nililoliandikia matangazo lilifilisika, na sisi wa ofisi ya matangazo tukawa wa kwanza kupunguzwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandika michezo ya redio ya kilimo, nimepiga picha za gazeti, nimetunga maneno ya sabuni na ya dawa ya mbu. Mwanamke wa miaka hamsini, kila kitu nakijua, ajira sina. Mradi mmoja wa afya ukanitaka nikawafundishe vijana sita kutengeneza mabango ya ukimwi. Nilikubali kabla hawajamaliza kunieleza.

Walinitaka mimi kwa ajili ya bango moja. Miaka sita nyuma nilimpiga picha mwanamume wa Kigogo, mbavu nje, amekaa mbele ya nyumba yake ya tembe, ile ya udongo yenye paa bapa. Chini yake niliandika: "Ukimwi. Huyu hatavuna mwakani." Lilibandikwa kwenye zahanati nyingi tu, na ofisini nilipongezwa mpaka kichwa kikanivimba.

Jumanne asubuhi nilishuka stesheni ya Dodoma, upepo ukanijaza vumbi machoni. Neema, mmoja wa wale sita, ndiye aliyetumwa kunipokea. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, Mgogo wa upande wa Hombolo, fundi wa kuandika vibao vya maduka. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, nililiona hilo siku ile ile, wala sikumwambia, maana mimi ni mchoyo wa sifa. Nikamwambia kwa majivuno kwamba Ijumaa nitampeleka nilikolipatia bango langu, karibu na kwao, akaone kazi inavyofanywa. Alilichukua begi langu, akasema sawa, mama. Mimi nikadhani ni adabu.

Ijumaa saa tatu tuliondoka na pikapu ya mradi. Tukapita Nzuguni, tukapita Ihumwa kwenye reli, kisha tukaiacha lami na kushika njia ya Hombolo. Mvua ilikuwa imekatika mapema na uwele umesimama mkavu mashambani. Njia nzima nilizungumza mimi. Nilieleza jinsi nilivyomwona yule bwana katika mwaka wa njaa, nikashuka garini, nikamwambia natafuta picha ya mambo ya afya, naye akakubali.

"Ulimwomba nini, mama?" Neema aliuliza.

Nikamjibu kwamba nilimwomba ageuke kidogo, mwanga umpige mbavuni. Dereva aligeuza shingo akanitazama, halafu akarudi kwenye usukani wake.

Sikuwa nimemuuliza yule bwana kama anaumwa. Sikumuuliza hata jina. Na mjue nilivyo mjinga: kwa miaka ile sita nilikuwa nimeyaamini maneno niliyoyatunga mwenyewe. Nilikuwa nakwenda kumwonyesha Neema nyumba ya marehemu.

Saa tano tulifika. Marehemu alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta, anachonga mpini wa jembe. Alikuwa amejaa mwili, mvi kidogo, mikono ya mkulima. Neema alimwamkia shikamoo mzee Yona, na hapo ndipo nilipolijua jina lake. Mimi nikatoa mbukwenyi yangu, salamu ya Kigogo ya kubabaisha. Alinitambua mara moja. Akatuletea vigoda na kata ya maji, akaiweka chini kwenye udongo, akarudi nyuma hatua tatu. Alisema amezoea hivyo, watu hawapokei kitu mkononi mwake. Neema aliiokota akanywa, akanipa na mimi nikanywa.

Akanisimulia bila kupandisha sauti, kisu kikiendelea na mpini. Bango lilifika zahanati ya kijijini kwake kabla yeye hajaambiwa lolote. Wiki ile ile watu wakaacha kuketi naye kwenye pombe. Zabibu zake zikakosa mnunuzi. Mkewe alipofariki kwa uzazi, walisema yeye ndiye aliyemwambukiza, na hakuna aliyekuja kumwosha ila dada mtu. Mwaka ukapita, Yona akavuna. Wa pili akavuna. Hapo kijiji kikageuza maneno: huyu sasa ni mchawi, anawatanguliza wengine wafe badala yake. Na mwezi uliopita watu waliokuja kumposa binti yake wa pekee walirudi kusema wameahirisha. Hawakutaja sababu, wala hakuna aliyewauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia Jumapili nitasimama mbele ya watu niseme kwamba hakuwa na ugonjwa, alikuwa na njaa tu.

"Sema, mama," alinijibu. "Sema kwa ajili ya binti yangu. Lakini mimi siye uliyemuua. Kuna vijana hapa walikuwa wakininyooshea kidole wanasema, mbona Yona yuko hai, ugonjwa huu ni porojo za serikali. Hao ndio tuliowazika."

Neema alikuwa ameinama, anafuta vumbi kwenye kamera ambayo haikuwa na vumbi.

Jumapili, ibada ilipokwisha, mchungaji aliniruhusu niseme nje ya kanisa. Mimi Mwislamu wa Ilala, ushungi kichwani, bango mkononi. Watu walioposa walikuwepo, na binti wa Yona alikuwa amesimama peke yake kwenye kona ya jengo. Nikasema picha niliipiga mimi, maneno niliyatunga mimi, na mzee Yona hakuwa mgonjwa. Nilisema mara mbili, maana mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri.

Kijana mmoja mwenye shati jeupe akauliza kwa upole kabisa: "Kwa hiyo hata ukimwi wenyewe mliutunga nyinyi?"

Watu wakacheka. Miaka ishirini na tano ya kuwatungia watu maneno, na siku ile sikuwa na hata moja.

Neema akasogea mbele. Alianza kwa Kigogo, kisha akayarudia kwa Kiswahili, nikajua anataka na mimi nisikie.

"Kaka yangu Elia mlimjua. Alisema hivyo hivyo, hapa hapa, mbona Yona yuko hai. Nimemgeuza kitandani miezi mitano. Nimemwosha mimi."

Kicheko kilikatika. Mama mmoja alimwendea Yona akampa mkono. Ni huyo mmoja tu. Walioposa waliondoka bila kumtazama binti, na mpaka naandika haya hawajarudi.

Jumatatu Neema alinisindikiza stesheni, nilikuwa nakuja Dar kuchukua mizigo yangu. Nikamwambia auombe mradi mwalimu mwingine, maana bango langu ndilo lililomdanganya kaka yake.

"Nilijua tangu Jumanne," alisema. "Nilitaka kumwona mtu anayeweza kuandika vile. Wewe rudi, mama, utufundishe. Ila na hili ulifundishe."

Mkiniuliza nimejifunza nini huko, nitawaambia kwamba nilikuwa na ufundi wa kumfanya mtu ageuke kutazama, na nilidhani ndiyo kazi yote. Nilirudi Dodoma na nipo mpaka sasa. Wanafunzi wangu hawashiki kamera mpaka wajue jina la mtu, anaumwa nini au haumwi, na nani atamcheka bango likibandikwa. Kila kundi jipya nalisimulia habari ya Yona siku ya kwanza. Neema sasa ni msaidizi wangu, hukaa mstari wa mbele, na sijaweza hata mara moja kuisimulia nikiwa namtazama.