Jiwe Alilolisafisha Fulgensi

Watu wa Ifakara wakikutajia Fulgensi wa Mawe, usidhani wanamkejeli. Miaka kumi na minne mtu huyu alichimba vito vya spineli kule milima ya Mahenge, na faida aliyoipata ni mgongo unaouma na jicho linalotambua jiwe kwa mbali. Wenzake walirudi na mabati, yeye akarudi na maneno. Lakini maneno nayo yana wateja wake. Teddy, binti aliyefungua ofisi ya utalii mtaa wa Viwanja Sitini, alipotafuta mtu wa kuwatembeza wageni kwenye miamba na machimbo ya zamani, kila aliyemuuliza alimtajia huyo huyo.

Ziara yake ilikuwa ya siku moja. Asubuhi aliwasimamisha wageni Kivukoni, kando ya daraja, wautazame mto unavyoshuka na tope lake, akawaambia kwamba bonde zima hili linalolimwa mpunga ni mzigo ambao maji yameutua kidogo kidogo. Kisha aliwageuza waelekee ukuta wa milima ya Udzungwa. "Huku ardhi ilizama, kule ikabaki juu," aliwaambia, "kama kitanda kilichovunjika miguu ya upande mmoja." Mchana aliwapeleka kwenye mashimo ya watafuta vito wa zamani, na hapo aliwakataza kusogelea ukingo kwa ukali ambao mke wake Konsolata hajawahi kuusikia nyumbani. Mwisho kabisa aliwaonyesha korongo.

Korongo hilo liko nje ya kijiji chake, ukishakipita kijiji jirani cha Michenga kuelekea vilimani. Mawe yake yana matabaka membamba, ukiyapasua yanafunguka kama kurasa, na ndani ya kurasa kuna majani. Ni majani meusi yenye mishipa yote, ya miti iliyokufa kabla dunia haijaona mtu wala ndege. Wataalamu huyaita visukuku. Wageni waliokuwa wakilalamikia jua tangu asubuhi, wakifika hapo hunyamaza wenyewe.

Sasa, Fulgensi hakuligundua korongo hilo, ingawa wageni walipomsifu hakujisumbua kuwasahihisha. Aliyemwonyesha ni Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande huo na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Ndani ya korongo mna chemchemi isiyokauka, na kiangazi Nkwabi aliinywesha hapo mifugo yake kwa ruhusa ya kijiji. Siku moja alimshika Fulgensi mkono na kumwambia, "Njoo uone, Mwalimu wa mawe. Kuna mtu amebandika majani kwenye mawe." Tangu hapo walikuwa marafiki. Fulgensi alijifunza kuitikia salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", asubuhi, na Nkwabi akajifunza kula pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, bila kununa.

Na bonde hili, tuseme ukweli, lina tabia moja mbaya. Mpunga ukikauka, ng'ombe wa Msukuma wameula. Mfereji ukibomoka, ng'ombe wa Msukuma wamepita. Nadhani hata mtu akiota ndoto mbaya huamka akitafuta kwato mlangoni. Wapo wafugaji wakorofi, sikatai, na mashamba yaliyolishwa mchana kweupe yapo. Lakini Nkwabi hakuwa mmoja wao, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Fulgensi.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya picha. Teddy alipiga picha ya jiwe moja pana lililolala karibu na chemchemi, lenye jani refu kama kiganja, pamoja na kitako chake pale liliposhikana na kijiti, akaituma chuoni. Haikupita wiki akapigiwa simu na Daktari Elineema, mtaalamu wa visukuku, aliyesema atakuja mwenyewe kuliona, wala asiliguse mtu. Teddy alifurahi mno. Alimwambia Fulgensi, "Mzee wangu, huyu mama akilikubali hili jiwe, korongo letu litajulikana. Watakuja wanafunzi, watakuja watu wa makumbusho. Wewe mwenyewe utakuwa mtu mwingine." Kwa furaha ile, maneno ya kutoguswa kwa jiwe alisahau kumfikishia.

Fulgensi aliondoka na maneno hayo yakimwasha. Mtu mwingine! Na hapo ndipo uchimbaji wake ulipomponza. Kule Mahenge kila mchimbaji anajua kwamba broka hanunui jiwe chafu. Ukipata kito hukipeleki na udongo wake. Unakiosha, unakigonga gonga kuondoa mwamba uliokigandia, unakipangusa kwa mafuta kidogo ili rangi itoke, ndipo unakifunua mbele ya mnunuzi. Atakayekuja ni daktari, mtu mkubwa kuliko broka yeyote. Atamwonyeshaje jiwe lenye vumbi na ukoga?

Jumapili, baada ya misa, alichukua tindo, nyundo ndogo, brashi ya waya na kichupa cha mafuta ya alizeti, akaenda korongoni peke yake. Alisugua. Brashi ikatoka nyeusi, akajiambia huo ni uchafu. Akasugua tena, ikatoka nyeusi zaidi. Aliposimama kutazama, jani lilikuwa limefifia kama wino uliomwagiwa maji. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Fulgensi aliona kwamba mwamba bado umelificha, akashika tindo, akafuata pale alipokumbuka mishipa ilipita. Alichonga, akachimbua na yale matone matone yaliyokuwa kwenye kitako cha jani, akidhani ni kutu. Mwisho akapaka mafuta.

Lilikuwa jani zuri la kuchongwa. Mtoto wa shule angelijua mara moja kuwa ni jani. Lakini moyo wake ulishajua, maana alirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko ili asikutane na mtu.

Daktari Elineema alifika Jumanne, mwanamama mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, akamwamkia Fulgensi kwa heshima zote, "Shikamoo, mzee wangu." Korongoni alipiga magoti mbele ya jiwe na kutoa brashi laini kama ya kumpaka mtoto poda. Hakuitumia. Alipitisha kidole juu ya mfereji mmoja, akakinusa. Teddy alikuwa amesimama na simu tayari kupiga picha, tabasamu likimwisha taratibu.

"Hapa kwenye kitako palikuwa na mbegu," Daktari alisema. "Kwenye picha zinaonekana. Jani kukutwa na mbegu zake ni nadra sana, mzee. Majani tunayo mengi, ila hatujui yalizaa nini. Hili lilikuwa limekuja kutuambia." Akainua uso. "Nani amefanya hivi?"

Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililomshinda Fulgensi. Angefokewa pengine angekiri. Lakini uso ule ulikuwa wa mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika, na Fulgensi akaona aibu nzito, na kwa kutafuta pa kuitua akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Wafugaji, Daktari. Wakisubiri ng'ombe wanywe, wananoa mapanga juu ya mawe."

"Lina mafuta."

"Wanapaka mapanga mafuta."

Uongo una uzazi, ukishapata wa kwanza wa pili haukawii. Daktari alimtazama, akatazama jiwe, akaifunga brashi yake ndani ya kitambaa na kuomba apelekwe mjini. Kama alijua, hakusema. Njia nzima Fulgensi alihesabu miembe ili asimwangalie mtu.

Teddy, kwa uchungu wake, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Evarist. Mwenyekiti naye hakuhitaji kushawishiwa. Alitangaza kwamba korongo limefungwa kwa mifugo, na Jumamosi mkutano wa kijiji utathibitisha. Ulikuwa mwezi wa tisa, kiangazi kikali. Maji mengine ya karibu yalikuwa ng'ambo ya Michenga, mwendo wa nusu siku kwa ng'ombe wenye ndama.

Alhamisi asubuhi Nkwabi alikuja kwa Fulgensi. Alikuja na kibuyu cha maziwa mgando, akampa Konsolata kwa mikono miwili. Konsolata, asiyejua lolote, akashangilia, akaleta vikombe na kigoda.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka," Fulgensi alijibu.

"Nimekuja kwa lile jiwe," Nkwabi alisema. "Nimewauliza vijana wangu wote, wamekataa. Nikakaa nikafikiri. Mimi mwenyewe hunoa panga langu mle korongoni, siku nyingi tu. Huwa sitazami sana ni jiwe lipi. Macho yangu siku hizi si ya kutegemea." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Basi itakuwa ni mimi. Wewe ndiye mwenye kazi ya yale mawe, nimekuharibia mbele ya mgeni wako mkubwa. Nisamehe. Na Jumamosi, kama utaweza, uniombee mkutanoni. Wewe wanakusikiliza."

Ndugu msomaji, hapo ndipo palikuwa mahali pake. Palikuwa nyumbani, watu wawili na mke, hakuna mkutano wala mwenyekiti. Neno moja lingetosha. Fulgensi alifungua mdomo, Konsolata akamwekea kikombe mkononi, naye akanywa. Alikunywa maziwa yale hadi chini, akajifuta midomo, akasema, "Nitaona la kufanya, mzee Nkwabi."

Nkwabi akamshukuru. Alimshukuru mara mbili.

Siku mbili zile Fulgensi hakula vizuri. Konsolata alimuuliza, "Baba Tekla, tumbo?" akasema tumbo. Aliona haya mbele ya mke wake, mbele ya mbwa wake, mbele ya mkono wake wa kulia. Alijitetea moyoni kwamba atamwombea Nkwabi msamaha, watu watapoa, ng'ombe watarudi, na hakuna atakayeumia. Kila alipofika hapo aliiona kofia ile juu ya goti.

Jumamosi ofisi ya kijiji ilijaa hadi uwanjani. Nkwabi alisimama kabla hata ya kuitwa. Akasema kosa ni lake, hakulijua, anaomba radhi kwa kijiji na kwa rafiki yake Fulgensi, na anaomba ng'ombe wasiadhibiwe kwa macho ya mzee. Watu waliguna. Mwenyekiti akaanza kuuliza wanaounga mkono kufungwa kwa korongo, na mikono ikainuka kama mpunga.

"Ni mimi," Fulgensi alisema.

Hawakumsikia. Alisimama, akasema tena kwa sauti, "Jiwe nimeliharibu mimi. Nililisugua na kulichonga. Nkwabi hajaligusa."

Halafu, mtu asiamini, watu wakapiga makofi. "Mnaona moyo wa mtu huyu!" Mwenyekiti alisema kwa hisia. "Yuko tayari kujichafua ili amwokoe rafiki. Huo ndio Ukristo, jamani! Lakini Fulgensi, utaratibu ni utaratibu. Kaa, ndugu yangu, tumekuelewa." Mama mmoja aliyekaa nyuma yake akampapasa bega. Nkwabi mwenyewe alimtazama huku machozi yakimlengalenga, akitikisa kichwa kumkataza asijitie matatani kwa ajili yake.

Hakuna fimbo ambayo ingemuuma kuliko makofi yale. Fulgensi alitoka akikimbia, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, hadi nyumbani, akarudi na tindo, brashi na kopo la maziwa ya unga. Mchimbaji hatupi vipande hata siku moja, maana huwezi kujua kilichobaki ndani. Alilimwaga kopo juu ya meza ya mwenyekiti. Vilikuwa vipande vidogo vya mwamba, baadhi na weusi wa jani juu yake, na kimoja kilikuwa na mshipa mzima. Akaweka brashi kando, nyaya zake zingali nyeusi.

Teddy alikuwa wa kwanza kuelewa. Alikiokota kipande chenye mshipa, akakitazama, akamtazama Fulgensi, akakirudisha mezani kwa uangalifu kama kitu cha mtu mwingine. Waliokuwa wameinua mikono waliificha, mmoja mmoja. Mama aliyempapasa bega aliutazama mkono wake, akaufuta kwa khanga.

Nkwabi alisogea mpaka mezani, akainama karibu sana kwa sababu ya macho yake. Alipoinuka hakupiga kelele.

"Juzi ulikunywa maziwa yangu," alisema, akavaa kofia na kuondoka.

Mkutano ulifuta amri papo hapo, na mwenyekiti mwenyewe alipeleka habari kwa Nkwabi kwamba korongo liko wazi. Teddy alitafakari wiki nzima, halafu akamwacha Fulgensi aendelee na kazi, kwa sharti kwamba mfukoni asiwe na kitu kigumu kuliko kitambaa. Vile vipande alivipeleka kwa Daktari, na Fulgensi aliandika barua ya kukiri kwa mkono wake, mistari saba, akiichana na kuianza upya mara nne.

Siku hizi bado anawapeleka wageni korongoni. Chemchemi ina maji safi, majani mabichi yameota pembeni kwa kukosa wa kuyala. Mwezi uliopita mgeni mmoja, kijana mwalimu kutoka Morogoro, alisimama ukingoni akatazama bondeni, ambako vumbi jekundu lilikuwa likienda polepole kuelekea ng'ambo ya Michenga.

"Mzee, wale ng'ombe mbona wanapelekwa mbali hivyo kwenye jua, na maji haya hapa? Wamekatazwa?"

"Hawajakatazwa," Fulgensi alisema.

"Sasa kwa nini?"

Wageni wengine nao waligeuka kumsikiliza, maana walishamzoea kuwa ana jibu la kila kitu.

"Kwa sababu yangu," alisema.