Wifi Yangu Alivyogoma Kuwa wa Chini

Wifi yangu ni fundi cherehani. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja, na mlio wa cherehani yake ndio unaomlaza mwanangu. Ni mtu mwema, ila ukimwita maskini mtagombana mpaka jioni.

Chekechea ilitangaza nafasi za bure kwa watoto wa hali ya chini. Ilibaki moja, na binti yake ameshafika miaka mitano. Fomu ikauliza: hali yenu ya maisha ni ya juu, ya kati au ya chini? Wifi akatia alama penye kati.

"Wifi, umeharibu! Mtoto atakosa shule!"

"Mtu ana friji, ana mapazia mazito, awe wa chini? Chini ndiyo wapi?"

Friji yenyewe iliacha kugandisha siku nyingi. Anahifadhia humo vitambaa vya wateja, panya wasivifikie.

Kwa ile alama, mwalimu akaja kuhakiki, na akaja saa mbaya. Wifi ana umbo sawasawa na mteja wake mmoja, bibi harusi, kwa hiyo gauni la yule analipimia mwilini mwake. Hodi inapigwa, yeye amesimama katikati ya chumba, hariri nyeupe kuanzia shingoni mpaka mlangoni, pini kila mahali. Mimi nimepiga magoti, mtoto mgongoni, napandisha pindo.

Mwalimu akaganda kizingitini. "Hapa ndipo kwa mama wa hali ya chini?"

"Ya kati," wifi akajibu.

Nikamfinya kisigino. "Gauni ni la mteja, mwalimu!"

"Kila nyumba naambiwa kitu ni cha mtu. Haya mama, kaa tuongee."

"Nikikaa nitachomwa."

"Na nani?"

"Na pini!"

Kicheko kikanitoka puani. Mwalimu akakazana asicheke. "Na friji ile nayo ya mteja?"

"Fungua tu," nikamwambia.

Akafungua. Vitenge, bitana na mkoba wa vifungo vikammwagikia miguuni. Hapo akashindwa, akaegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa kucheka.

"Mama, wewe ni wa chini."

"Hakuna chini kidogo, mwalimu?"

"Hakuna. Na kuna mwenzio anaisubiri nafasi hii."

Wifi akamtazama binti yake, aliyekuwa chini ya meza akiokota vifungo. "Lete kalamu."

Sasa mikono ya gauni imebanwa pini, meza haifikii. Mwalimu akampokea mwanangu, mimi nikainama, fomu ikalazwa mgongoni kwangu. Wifi akaikata ile alama ya kati, akashusha kalamu penye chini. Kalamu ikanitekenya, nikatikisika kwa kicheko.

"Tulia, wifi!" akapiga kelele, naye anacheka. "Utanipeleka juu!"